Sauti ya dirishani: mama mjamzito, majibu yake na waliokuwa kwenye benchi

Kliniki ni ya mtu binafsi, upande wa Kisauni, Mombasa, chini ya jengo la maduka. Mapokezi ni dirisha moja la kioo lenye tundu la kupitishia pesa. Mbele yake kuna mabenchi matatu ya mbao, na nyuma ya mabenchi kuna pazia la maabara. Pembeni kuna mlango mwingine unaoingia chumba chenye kochi, feni na maji baridi. Humo hukaa wanaolipa ada ya juu na wanaojuana na mwenye kliniki. Naanza na mpangilio wa vyumba kwa sababu karibu yote yaliyoharibika yalipitia hapo.

Kisa nimekiunda kutokana na mambo ya kawaida ya kliniki za mitaani, asije mtu akamtafuta mama huyu wala kliniki hii. Sheria na tiba ninazozitaja ni za kweli.

Mama wa Mishomoroni anauza mboga soko la Kongowea. Mimba yake ina miezi mitano, na ndiyo mara ya kwanza kuhudhuria kliniki kwa mimba hii. Alifika mapema ili awahi kurudi sokoni. Akadungwa kidole, damu ikatiwa kwenye kile kipimo kimoja kinachosoma mawili kwa pamoja, virusi vya ukimwi na kaswende. Virusi hakuna. Mstari wa kaswende ukatokea. Mhudumu wa maabara akaandika majibu kwenye kipande cha karatasi na kukipeleka mapokezi, ili hesabu ya sindano ipigwe kabla mama hajaingia kwa daktari. Ndiyo desturi ya pale: pesa kwanza, daktari baadaye.

Binti wa mapokezi akakisoma, akainua kichwa. Watu walikuwa wengi na kelele za barabarani zilikuwa zikiingia mlangoni, kwa hivyo akapaza sauti.

“Mama wa kaswende ni nani hapo? Njoo, mamangu. Sindano zako ni tatu, walipa zote leo ama wataka moja moja?”

Kwenye benchi la pili alikuwa ameketi jirani yake, mwenzake wa chama. Mama akasimama, akasema anatoka mara moja kwenda kutoa pesa za M-Pesa, na hakurudi.

Asubuhi hiyo hiyo alikuja mama mwingine, wa Nyali, mimba yake ikiwa changa zaidi. Aliingia kwa mlango wa pembeni. Alitolewa damu akiwa kwenye kochi, daktari akamfuata humo humo, mlango ukafungwa, wakazungumza. Risiti aliletewa ndani ya bahasha. Alipimwa vitu vile vile. Majibu yake hatuyajui, na hatustahili kuyajua.

Siku ya tatu muuguzi aligundua kwamba yule wa Mishomoroni hajapata sindano hata moja. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Kwanza binti wa mapokezi alipiga picha ukurasa wa rejista, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, akiuliza kama kuna anayemjua mama huyu. Kundini walikuwamo watu walioacha kazi pale zamani. Hakuna aliyejibu. Ndipo muuguzi akapiga nambari iliyoandikwa rejistani, nayo ilikuwa ya mume, kwa kuwa simu ya mama ilikuwa imeharibika siku ile. “Kaka, mwambie mkeo arudi adungwe, ugonjwa ule una madhara kwa mtoto. Na wewe uje pia, maana huo ni wa wawili.” Mume alikuwa kazini, kwenye bohari ya makontena Changamwe, simu ikiwa kwenye spika. Jioni ile mama alirudishwa kwao Likoni.

Kaka yake alikuja kliniki kudai maelezo. Mwenye kliniki alimkaribisha kwenye kochi, akamfungulia faili la dadake, akamsomea. Kisha akamwambia mawili: binti wa mapokezi anafutwa kazi leo hii, na sindano zote tatu zitakuwa bure mradi maneno yaishie hapo.

Walichokitangaza hawakukijua

Nianze na upande wa tiba, maana hapa ndipo uzito ulipo na ndipo wengi hupita mbio.

Kipimo cha haraka cha kaswende hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukikutana na bakteria wa ugonjwa huo. Askari hao kwa kawaida hubaki kwenye damu hata baada ya mtu kutibiwa akapona. Mwanamke aliyetibiwa miaka saba iliyopita, kabla hajaolewa, anaweza kuonyesha mstari ule ule. Ili kujua kama ugonjwa upo sasa, huhitajika kipimo cha pili cha namna nyingine, RPR, kinachopima kiwango na kinachoshuka mtu anapotibiwa. Zaidi ya hayo, kaswende ikikaa mwilini bila dawa huingia kipindi cha kimya. Hakuna kidonda, hakuna upele, mtu hana habari. Miaka ikizidi kupita, uwezekano wa kumwambukiza mwenzi kwa njia ya kujamiiana hupungua sana, lakini mama bado anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni.

Hebu weka maelezo hayo mbele ya ile sauti ya dirishani na ile simu ya Changamwe. “Mama wa kaswende” lilikuwa jina alilopewa mtu ambaye daktari hajamwona. “Huo ni wa wawili” ilikuwa hukumu juu ya ndoa ambayo muuguzi hakuwa na kipimo chochote cha kuitolea. Mume alisikia usaliti. Kipimo hakikusema usaliti. Hakikusema lini, hakikusema kwa nani, hakikusema hata kama ugonjwa ungalipo. Daktari angepata dakika kumi na mama huyo, mlango umefungwa, angeyaeleza yote hayo na mama angekuwa na maneno ya kwenda nayo nyumbani.

Wakati huo huo, matibabu yenyewe hayapaswi kungoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mjamzito ambaye kipimo cha haraka kimeonyesha kaswende aanzishiwe penisilini siku hiyo hiyo, na kipimo cha pili kifuate. Sababu ni mtoto. Kaswende isiyotibiwa katika mimba yaweza kuleta kuharibika kwa mimba, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa na ugonjwa mifupani, kwenye ini na kwenye ubongo. Dawa ni ya zamani na si ya bei kubwa, penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4 msulini. Ikiwa haijulikani maambukizi ni ya lini, hupewa sindano tatu, moja kila wiki. Sindano zikiachana mno huenda ikabidi kuanza upya.

Kwa hivyo hesabu ya hasara ya kisa hiki haiishii kwenye aibu. Aliyefika kwa miguu yake, akakubali kudungwa, akapatikana mapema katika mwezi wa tano, aliondoka bila dawa kwa sababu ya sentensi moja. Wako watu wanaosema faragha ni adabu nzuri tu na kwamba kliniki yenye foleni ndefu haina muda wa adabu. Hapa faragha ilikuwa sehemu ya dawa. Ilipotoka, dawa haikuingia.

Pazia la kulipia

Sasa huyo mama wa Nyali. Sina kinyongo naye. Alitendewa kama kila mgonjwa anavyostahili kutendewa, na laiti kila mtu angepitia mlango ule.

Tatizo ni kwamba mlango ule unauzwa. Mwenye kliniki atajitetea kwamba biashara yoyote ina daraja la kawaida na daraja la juu, kama vile meli na ndege. Kwa kiasi fulani ana haki. Auze kochi, auze feni na maji baridi, auze hata kumwona daktari bila kungoja, ingawa hilo la mwisho lina mipaka yake, kwani Katiba ya Kenya kwenye Kifungu cha 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini siri ya mgonjwa haimo kwenye orodha ya vitu vya kuuzwa. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya habari zake za kifamilia na za faragha kutofichuliwa pasipo sababu. Kimesema kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu na faragha yake kuheshimiwa, na kifungu chake cha 11 kinafanya hali ya afya, matibabu na hata kule kuwapo kwake hospitalini kuwa siri.

Nimewahi kusikia hoja kwamba Katiba ni ya serikali na hospitali za umma, na mtu binafsi ana uhuru wa nyumba yake. Si kweli. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, inawafunga watu wote pamoja na vyombo vya dola. Kifungu cha 27 kinakataza mtu kumbagua mwenzake moja kwa moja au kwa njia ya mzunguko, na miongoni mwa misingi inayotajwa kwa jina ni ujauzito, hali ya afya na asili ya kijamii.

Hiyo njia ya mzunguko ndiyo hasa iliyotumika Kisauni. Hakuna tangazo ukutani linalosema wauza mboga hawana siri. Kuna mpangilio tu: dirisha lisilo na pazia kwa wote, chumba chenye mlango kwa wachache. Anayekaa kwenye benchi ni wa Mishomoroni, Mtopanga, Kongowea, wengi wao ni wanawake waliotoka kazini. Majibu yao hupita kwenye tundu la pesa. Ukiuliza nani alibaguliwa hutapewa jina, lakini ukikaa pale asubuhi moja utaona ni siri za nani zinazosikika.

Na kuna hali ya mji wetu. Mombasa watu wanajuana. Ukiketi kwenye benchi la kliniki yoyote ya mtaa utamkuta mliyesoma naye madrasa, au shangazi wa shemeji yako, au mwenzako wa chama. Habari ya dirishani hufika barazani kabla mwenyewe hajashuka matatu. Anayeishi kwenye nyumba yenye geti na uzio ana sitara nyingine za kumlinda neno likitoka. Mama anayeishi nyumba ya vyumba sita, ua mmoja na choo kimoja, hana. Yule ambaye uvujaji ungemuumiza zaidi ndiye aliyewekwa mahali panapovuja.

Mume alistahili kujua?

Swali hili hugawa watu, na sitaki kulipita juu juu. Muuguzi aliyepiga simu si mtu mbaya. Alikuwa na hoja mbili za kweli: mtoto yuko hatarini, na mume asipopimwa na kutibiwa ikibidi, mama anaweza kuambukizwa tena baada ya kupona. Wapo wataokwenda mbali zaidi waseme mume ni mwenye nyumba, mkewe ni amana yake, kwa nini afichwe.

Ndoa haimo kwenye sababu zinazofungua siri ya mgonjwa katika Sheria ya Afya. Sheria inataja mambo kama amri ya mahakama na idhini ya mgonjwa. Mume hakutajwa, na kaka pia hakutajwa. Yule kaka aliyesomewa faili kwenye kochi alisomewa kinyume cha sheria, hata kama alikuja kumtetea dadake. Mwenye kliniki alikuwa akiomba radhi kwa kosa huku akilirudia.

Kuna funzo kutoka ugonjwa unaoogopwa kuliko kaswende. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia ukimwi ilikuwa na kifungu cha 24, kilichomlazimu mwenye virusi kumwarifu anayejamiiana naye na kumruhusu daktari, katika hali fulani, kumwarifu mtu huyo mwenyewe. Mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume na Katiba, pamoja na mambo mengine kwa sababu hakikueleza wazi huyo wa kuarifiwa ni nani. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ikakataa agizo la serikali la kukusanya orodha za watu wenye virusi, watoto wa shule na wajawazito wakiwamo, kwa namna iliyounganisha majina yao na hali zao. Ikiwa hata hapo mlango haukufunguliwa, simu ya Changamwe haina pa kusimama.

Lakini kukataa simu hakumaanishi mume aachwe. Njia ipo na wauguzi wazuri wanaitumia kila siku. Mama huketi na mhudumu, huulizwa kama nyumbani kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa, kisha huchagua: amwambie mume mwenyewe, amwambie mbele ya mhudumu, au apewe barua ya kumwalika mume kliniki ya wajawazito, ambako wote wawili hupimwa na kila mmoja huambiwa yake. Ile barua haitaji ugonjwa. Mume akifika, kipimo chake ni cha kwake, na siri yake pia ni yake. Mke hana haki ya kuisoma bila idhini yake. Wanaume wengi waliokasirishwa na simu wangekuja kwa barua.

Binti wa mapokezi

Kumfuta kazi ni jambo jepesi, na ndiyo maana ni la kwanza kufikiwa. Naliona ni dhuluma. Hakuna aliyemfundisha. Alipewa karatasi yenye jina la ugonjwa na kuambiwa apige hesabu, mbele ya watu thelathini, kupitia tundu lililo juu kiasi kwamba lazima mtu apaze sauti. Mhudumu wa maabara aliyeandika jina la ugonjwa badala ya namba ya huduma yumo katika kosa. Mwenye kliniki aliyeweka malipo kabla ya daktari yumo zaidi. Ukimleta binti mwingine kesho kwenye kiti kile kile, atasema maneno yale yale kabla ya Ijumaa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaliona hivyo pia. Taarifa za afya ni data nyeti, na zinaweza kushughulikiwa na mhudumu wa afya au chini ya dhamana yake, au na mtu aliyefungwa na sheria kutunza siri. Dhamana hiyo haihamii kwa karani. Hata udogo wa kliniki si kinga: kanuni za mwaka 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, ila si wale wanaotoa huduma kwa wagonjwa. Na picha ya rejista iliyopelekwa kwenye kundi lenye watu wasio wafanyakazi ni uvujaji wa data kwa maana kamili. Kunapokuwa na hatari ya madhara kwa mwenye data, kliniki ilipaswa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 na kumwarifu mama mwenyewe kwa maandishi ndani ya muda unaofaa. Mama alijulishwa na mumewe.

Marekebisho ni ya kazi ndogo. Wagonjwa waitwe kwa namba. Karatasi ya maabara iende kwa daktari, na kwa keshia ifike bei na namba ya huduma peke yake. Benchi la kwanza lisogezwe mbali na dirisha, na kioo kiwe na upande wa mtu kusimama akaongea bila kusikika. Rejista ifungwe, simu za wafanyakazi zisiipige picha. Na anapoandikisha, kila mgonjwa aulizwe swali ambalo kliniki nyingi haziulizi: tukikupigia, nani anaweza kupokea, na tuseme tunatoka wapi? Mafunzo yawahusu askari wa mlangoni na mfagiaji pia, kwa kuwa nao wanasikia. Ule mlango wa pembeni ubaki kama wanataka, mradi kuwe na chumba kingine chenye mlango kwa ajili ya benchi.

Mama afanye nini

Kwanza sindano. Popote anapojisikia salama, Likoni au kwingineko, aanze wiki hii. Sindano za bure zenye sharti la kunyamaza asizikubali kwa sharti hilo. Haki ya kulalamika haiuzwi kwa penisilini.

Malalamiko yana njia zaidi ya moja. Sheria ya Afya inampa mgonjwa haki ya kulalamikia alivyotendewa katika kituo chochote, cha umma au cha binafsi, na malalamiko yachunguzwe. Muuguzi na daktari wana mabaraza yao ya taaluma. Kwa Kamishna wa Data anaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi uishe ndani ya siku 90. Anaweza kudai fidia, na sheria inahesabu mateso ya moyo kuwa madhara hata kama hakupoteza shilingi. Ofisi hiyo imeonyesha kwamba inauma: mwezi Septemba 2023 ilitoza faini taasisi tatu, mojawapo shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, shilingi 4,550,000.

Ugumu ninaouona ni mwingine. Kulalamika ni kulisema tena lile neno, mbele ya karani mwingine, kwenye fomu nyingine. Wanawake wengi huacha kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Anayemsaidia, awe wakili, msaidizi wa kisheria au kaka, aandike malalamiko bila kutaja ugonjwa. “Majibu yangu yalitangazwa mbele ya watu” yanatosha kuanzisha shauri. Na kaka asiende popote tena kabla dadake hajamwambia aende.

Kinabaki kitabu cha mama na mtoto, kile anachobeba kila kliniki na ambacho huachwa juu ya kabati nyumbani. Ndani yake kuna sehemu ya majibu ya damu, na kaswende ina mstari wake. Haufai kuachwa bila kujazwa, kwa maana mkunga atakayempokea usiku hospitali nyingine lazima ajue mtoto alindwe na nini, na sindano ngapi zilishaingia. Kwa hiyo mhudumu atakayemdunga sindano ya kwanza amfungulie ukurasa ule, amwonyeshe kilichoandikwa na maana yake, amwandikie tarehe za sindano mbili zinazofuata, kisha amuulize kitabu atakiweka kwa nani.